Kriki ya Tudor: hesabu inasema siku moja na nusu, modeli inasema wiki kadhaa. Nifuate gani?

gridi_na_kahawa

Sasa wadau, swali langu ni refu kidogo mnivumilie. Niko masters ya uhandisi wa maji hapa Nairobi na tangu nianze nimekuwa mtu wa mito, nimefanya mto Mathare na mto Ngong kwa HEC-RAS, ile programu ya modeli za mito, mafuriko na kalvati, maji yanatoka juu yanashuka basi, hayarudi. Sasa thesisi imenipeleka Mombasa, kriki ya Tudor, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na huko maji yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku na hapo ndio kichwa kinaanza kuuma.

Tunachoangalia ni maji taka. Kuna mifereji inatoka kisiwani, kuna maji yanashuka kutoka Mikindani yanapitia ndani ya mikoko, na mvua ikinyesha vizuri mto Kombeni na Tsalu inaleta matope na kila kitu kilikuwa njiani. Na hiyo kriki watu wanavua, watoto wanaogelea, kuna familia zinakula kutoka hapo kila siku. So swali ni moja tu, uchafu ukishaingia humo ndani unakaa muda gani kabla bahari iuchukue? Naichukulia hii kazi kwa uzito juu jibu likiwa mbaya kuna mtu atalitumia kuamua bomba la maji taka liishie wapi.

Nilianza na hesabu ya karatasi. Hizi ni namba za duara za kufanyia mazoezi, sio vipimo rasmi: chukua eneo la kilomita 10 za mraba, bamvua, yaani zile siku za maji makubwa, maji yanapanda mita 3, kwa hivyo kila maji yakijaa zinaingia kyubiki mita milioni 30, na maji yakipwa kabisa zinabaki ndani milioni 50. Jumla 80 gawa kwa 30, zidisha na saa 12.42 za mzunguko mmoja wa kujaa na kupwa, unapata kama saa 33. Siku moja na nusu hivi. Supavaiza akapenda hiyo namba sana.

Alafu nikajenga modeli kwa programu ya Delft3D, ya mlalo, safu moja tu, yaani haitofautishi maji ya juu na ya chini. Nikajaza kriki nzima rangi yenye ukolezi 1, nikaiwacha iendeshwe na maji ya kujaa na kupwa mwezi mzima. Upande wa mdomoni rangi iliisha haraka sana, sawa kabisa na ile hesabu. Lakini kule juu, kwa vile vimikono vinaingia kwa mikoko karibu na Mikindani, wiki mbili zimepita na bado nusu ya rangi iko. Yaani hizo namba mbili ni kama zinaongea juu ya kriki mbili tofauti.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba kimo cha maji kwa modeli kinaoana na kipimo cha Kilindini karibu kabisa, mistari miwili imelaliana kwa grafu. So kama kimo kiko sawa si mikondo pia inafaa iwe sawa? Na swali la pili, Makupa. Tangu ile barabara ya kujazwa mawe itolewe na daraja lifunguliwe 2022 maji yanapita kati ya Tudor na upande wa Port Reitz. Niifungue kwa modeli ama niiwache imefungwa kama ramani ya zamani?

MtotoWaMzizima_Nai

Dada yangu karibu pwani, hata kama ni kwa kompyuta. Mimi nimezaliwa Mombasa nafanya kazi Nairobi, na kazi zangu nyingi ni za modeli za bandari, so nitaanza na ile hesabu yako ya karatasi.

Hesabu si mbaya, lakini angalia imedhania nini. Imedhania maji mapya yakiingia yanachanganyika na yale ya zamani kriki nzima mpaka kule mwisho kabla ya kupwa, na imedhania yakitoka hayarudi tena. Zote mbili si kweli kwa Tudor. Ile kriki ina mlango mmoja mwembamba, wenye kina cha mita 20 hivi, alafu ndani inafunguka kuwa beseni pana lenye kina kama mita 5, kisha ndio vimikono na mikoko. Maji yakianza kujaa, ya kwanza kuingia ni yale yale yaliyotoka saa chache zilizopita, yalikuwa yamekaa tu pale nje kwenye Bandari ya Kale yanangoja. Maji ya bahari kuu yanaingia mwisho, na yanaishia karibu na mlango. Maji ya kule Mikindani kwa saa sita yanasukumwa ndani kidogo, saa sita yanavutwa nje kidogo, yanacheza pale pale.

Kwa hivyo watu huweka kigezo cha maji yanayorudi. Tuseme nusu ya yanayoingia ni yale yaliyotoka, basi saa zako 33 zinakuwa 66, karibu siku tatu. Na hiyo ni bamvua. Fanya tena kwa maji mafu, yanapopanda mita 1 tu: yanaingia milioni 10, na kwa vile hayapwi sana ndani zinabaki milioni 60. Jumla 70 gawa kwa 10 mara saa 12.42 ni saa 87, na ukiweka ile nusu inayorudi unapata saa 174, yaani siku saba na kitu. Kriki ile ile, wiki inayofuata tu, kutoka siku tatu mpaka saba. Na ona kitu kingine: maji mafu yenyewe hayadumu siku saba, mzunguko mzima wa bamvua mpaka bamvua ni siku kama 14.8. So hata hiyo saba haifiki mwisho wake kabla hali haijabadilika. Ndio maana kuendesha modeli kwa bamvua peke yake alafu kutoa namba moja ni kuwadanganya watu.

Tofauti kubwa hivyo kati ya bamvua na maji mafu ni ya kwetu hasa. Mombasa lile wimbi la mwezi, M2, lina kimo cha karibu mita 1, na la jua, S2, karibu nusu mita. Zikiungana unapata mita 3 kutoka kupwa mpaka kujaa, zikipingana unabaki na mita 1. Kwa hivyo endesha angalau mizunguko miwili kamili, kisha usitoe namba, toa ramani. Kila seli ya gridi, yaani kila kijisanduku cha ramani ya modeli, ihesabiwe muda wake mpaka ukolezi ushuke hadi asilimia 37 ya ule wa mwanzo. Pale ndio supavaiza ataona kwamba siku yake moja na nusu ni ya watu wa Nyali na Bandari ya Kale, sio ya watu wa Mikindani.

mhandisi_wa_zamani

Binti yangu, swali lako la kimo na mkondo limenifurahisha kwa sababu ni pale watu wengi wanaponaswa, na wengine wameshachapisha ripoti.

Hebu piga hesabu ya kasi ya wimbi la maji ya kujaa. Kwa kina cha mita 5 ni mzizi wa 9.81 mara 5, unapata mita 7 kwa sekunde. Zidisha na saa 12.42 zikiwa kwa sekunde, urefu wa wimbi ni zaidi ya kilomita 300. Sasa Tudor ina urefu gani? Kama kilomita 10. Maana yake kriki nzima inapanda na kushuka karibu kwa pamoja, kama beseni moja. Weka msuguano mbaya, weka kina kibaya, bado kimo cha maji kitatoka vizuri kwa sababu bahari ndiyo inakiamua, sio modeli yako. Kimo kuoana hakujathibitisha kitu kuhusu mzunguko wa maji ndani. Kimethibitisha tu kwamba umeweka mpaka wa bahari vizuri, na hilo ni jambo jema lakini ni mwanzo.

Mkondo ndio shahidi. Unahitaji kipimo cha kasi pale kwenye mlango mwembamba na kingine ndani ya beseni, bamvua moja na maji mafu moja, kwa saa 13 mfululizo kila mara ili upate mzunguko kamili. Na uangalie umbo la ule mkondo, sio kilele chake tu. Kwenye kriki za mikoko kupwa mara nyingi huwa kwa kasi zaidi kuliko kujaa, kwa sababu maji yakishapanda juu yanatawanyika kwenye mikoko, mizizi inayashika, alafu yakianza kutoka yanajikusanya kwenye mfereji mmoja. Hiyo tofauti ndogo kati ya kuingia na kutoka ndiyo inayoamua kama matope yanabaki ama yanaenda. Kama modeli yako imekata mikoko kwa mstari, ukaweka ukuta pale mikoko inapoanza, basi umeondoa hicho kitu chote. Sehemu kubwa ya eneo la ile kriki ni mikoko, binti yangu, sio pambo la ukingoni. Washa sehemu ya seli kulowa na kukauka, alafu msuguano wa mikoko uwe mkubwa mara kadhaa kuliko wa mfereji. Namba ya Manning, ile ya msuguano, ya 0.025 inafaa mfereji wa tope, ndani ya mizizi ya mkoko anza na 0.1 kwenda juu uone matokeo yanayumba kiasi gani.

Na kina. Usichukue ile data ya dunia nzima ya GEBCO, seli yake moja ni karibu nusu kilomita, mlango wako wote utamezwa na seli moja ama mbili. Anza na chati za baharini, kisha uende na mashua na ekosaunda ndogo, ile ya kupima kina kwa sauti, kule juu ambako meli haziendi na chati hazijali. Hizi kriki zinabadilika. Mwache, upande wa Port Reitz, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha matope mpaka mikoko ikafa kwa kufunikwa mizizi. Kina cha zamani kule juu ni cha kriki nyingine.

seli_ndogo254

mzee ameongea yote ya maana ya field, mimi naongeza ya ndani ya programu juu hapo ndio nakaa siku nzima

sista kwanza niambie gridi yako seli ni mita ngapi kule kwa vimikono? kama ni mita 100 na mfereji wenyewe ni mita 60 basi modeli haioni mfereji, inaona beseni. na seli kubwa zinachanganya rangi zenyewe tu, yaani hiyo ni hesabu inasambaza sio bahari. rangi ikiingia kona moja ya seli inahesabiwa imefika seli yote papo hapo, alafu hatua inayofuata iko seli ya jirani, so unapata rangi inatoka kriki haraka kuliko ukweli na unafurahi bure. fanya hivi, kata seli nusu, endesha tena, kama ramani ya muda imebadilika sana bado hujafika. kata tena. utalia na muda wa kompyuta lakini hakuna njia ya mkato hapo, na ukipunguza seli punguza na hatua ya muda, kwa kina cha mita 20 wimbi linaenda mita 14 kwa sekunde so kwa seli ya mita 20 usiende na hatua ya dakika nzima utegemee mikondo ya mlangoni itoke safi

pili mpaka wa bahari umeuweka wapi?? nimeona watu wengi wanaukata pale pale mdomoni. ukifanya hivyo kila rangi ikitoka imekufa, maji yanayoingia ni ukolezi 0, ile habari ya maji yanayorudi ambayo MtotoWaMzizima amesema inapotea yote. sogeza mpaka nje kabisa kupita miamba, kule bahari kuu, alafu wacha modeli yenyewe iamue kinachorudi. Delft3D ina ile kitu ya Thatcher-Harleman ya kufanya ukolezi mpakani urudi kwa maji safi polepole badala ya kuruka, tumia lakini usiitumie kama kisingizio cha kuweka mpaka karibu

tatu, usijaze kriki nzima rangi alafu uishie hapo. hiyo inajibu swali la kriki. wewe swali lako ni la maji taka so weka bomba kwa modeli, rangi itoke Mikindani mfululizo kidogo kidogo kila saa, rangi nyingine namba mbili itoke kisiwani, namba tatu itoke Kombeni. acha zifike mahali hazipandi tena alafu uangalie nani anachafua wapi. utashangaa juu mfereji wenye uchafu mwingi unaweza kuwa karibu na mlango na usiumize mtu, na ule mdogo wa kule juu ndio unaua kriki. na bakteria wanakufa, kwa jua kali na maji meupe wanaisha haraka, kwa maji ya tope jua haliingii wanaishi zaidi, so mvua ikinyesha una maji machafu zaidi na yanayojisafisha polepole zaidi kwa wakati mmoja. hiyo weka kwa thesisi tafadhali, ni kitu ya kusomwa na watu wa afya

na uanze kumwaga rangi maji yakiwa yamejaa, kisha ufanye run nyingine uanze yakiwa yamepwa. kama majibu ni tofauti sana sema hivyo wazi

gridi_na_kahawa

Asanteni sana jamani, nimesoma nikarudia. Seli zangu ni mita 80, na mpaka nimeuweka nje kidogo ya Bandari ya Kale, so seli_ndogo nimekuelewa vizuri sana. Nasogeza.

Bado Makupa hamjanijibu. Na ya pesa pia, mzee amesema kupima mkondo saa 13 na mimi hapa kukodi mashine ya ADCP na mashua yake ni zaidi ya pesa yote ya utafiti niliyopewa, na bado kuna nauli ya reli. Kuna kitu mwanafunzi anaweza kupima chenye watu watakiheshimu?

MtotoWaMzizima_Nai

Fungua Makupa dada, bahari ishaifungua. Lakini kuwa makini sana hapo, pengine kuliko mahali pengine popote kwa modeli yako.

Fikiria Mombasa ni kisiwa. Maji yale yale ya bahari yanapita Likoni kwenda Kilindini na Port Reitz, na yanapita Bandari ya Kale kwenda Tudor, alafu yanakuja kukutana Makupa yakitoka pande mbili. Kinachosukuma maji kupita chini ya daraja sio mita 3 za bamvua, ni ile tofauti ya kimo kati ya upande huu na huu kwa dakika hiyo hiyo, na tofauti hiyo ni ndogo mno. Sasa chukua sentimita 5 tu: mzizi wa 2 mara 9.81 mara 0.05 ni karibu mita 1 kwa sekunde, kabla ya kutoa msuguano. Sentimita 5! Yaani kosa la sentimita 5 upande mmoja, labda kipimo kimoja kimeunganishwa na alama tofauti ya saveya, linaweza kukutengenezea mto mzima unaopita Makupa ambao haupo. Ndio nasema mpaka wa bahari uwe mmoja kule nje, unaobeba Kilindini na Tudor pamoja kwa gridi moja. Usiweke mpaka wa Tudor peke yake na mwingine Kilindini kila mmoja na kipimo chake.

Na usidhani kufunguliwa kwa njia maana yake pale pamesafishika. Mikondo miwili ikikutana kuna mahali inasukumana na kusimama, maji hapo yanapanda na kushuka bila kwenda popote. Hapo ndipo taka zinatulia, na kando ya Makupa ndio kulikuwa na lile jaa la Kibarani, kuna vitu vingi vimezikwa kwenye tope la pale. Mahali hasa pa kukutana panategemea upana wa njia na kina chake, na ndiyo sababu nzuri ya kuendesha modeli mara mbili, imefungwa na imefunguliwa, ukatoa ramani ya tofauti. Mimi hiyo ramani naitamani kweli, nimekulia karibu na hapo.

Ya pesa. Pima chumvi. Twende na kiangazi, Januari mpaka Machi, kaskazi inavuma, mito imekauka. Maji yaliyokaa kule juu muda mrefu yanakaukiwa na jua yanakuwa na chumvi kuliko bahari, na chumvi hiyo ni saa ya ukutani. Tuseme kina cha wastani kule ni mita 2, jua linachukua milimita 6 kwa siku, chumvi ya bahari ni 35 (gramu kwa kilo ya maji) na wewe umepima 37. Umeongezeka kwa 2, gawa kwa 37 ni 0.054, zidisha na mita 2 gawa kwa 0.006, unapata siku 18. Hiyo imetoka kwa maji yenyewe, sio kwa kompyuta, na ukiilinganisha na ramani ya modeli yako unajua kama modeli inakudanganya. Azima mita ya kondaktiviti kwa maabara, usitumie ile ya mkononi ya kuchungulia jua kwa sababu inasoma hatua ya 1, na hapa unatafuta tofauti ya 2.

Mkondo wa mlangoni tumia machungwa. Sifanyi mchezo, chungwa linaelea karibu lote likiwa ndani ya maji so upepo haulishiki, linaonekana kwa mbali, na likipotea halichafui bahari. Mwaga mengi kwa mara moja, fuata kwa mashua na GPS ya simu, chora njia zake. Kwa mashua nenda kwa ofisi ya BMU (Beach Management Unit, kikundi cha ufuo) ya wavuvi uongee nao kwa heshima na mapema, wanajua pale maji yanaposimama kuliko gridi yoyote, waulize wapi nyavu zinarudi na plastiki. Na panga safari yako na mwezi: bamvua huku kwetu maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi, so una mchana mzuri wa kuanza kazi.

mhandisi_wa_zamani

Hapo kwenye chumvi namuunga mkono kabisa. Ila usipime kiangazi peke yake. Masika ikija maji matamu ya Kombeni yanalala juu na ya chumvi yanapita chini, mkondo wa juu unatoka na wa chini unaingia, na modeli ya safu moja haiwezi kuliona hilo hata kidogo. Kama masika iko ndani ya swali lako unahitaji safu kadhaa, angalau kwa ule mlango wa mita 20. Kama huna muda, funga thesisi kwa kiangazi na useme hivyo kwenye kichwa chake, hakuna aibu.

Na kwa supavaiza wako anayetaka namba moja, mwonyeshe Gowanus kule Brooklyn, New York. Ni mfereji wa maji ya bahari wenye mwisho uliozibwa, viwanda pande zote, na maji kujaa na kupwa hayakuweza kuosha ule mwisho wake wa ndani. Mwaka 1911 wakachimba handaki na kuweka pampu ya kusukuma maji. Pampu ikaharibika miaka ya 60, mfereji ukaoza kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka walipoirudisha 1999. Mdomo wa ule mfereji ulikuwa unapata maji ya bahari siku zote hizo, kwa hivyo wastani wa mfereji wote haungekuambia habari ya kule mwisho.

seli_ndogo254

+1 Gowanus

sista swali moja kabla ulale, kina umekitoa kwa chati? umekigeuza?

gridi_na_kahawa

Kina ni cha chati, ndio. Kukigeuza aje? Nimeweka vile iko na kimo cha maji nimeweka 0 ndio wastani.

seli_ndogo254

haya basi hiyo ndio kazi ya kwanza kesho. kina cha chati kinapimwa kutoka maji yakiwa yamepwa kabisa kabisa, ile kupwa ya chini kuliko zote, lakini 0 ya modeli yako ni wastani wa bahari. Mombasa bamvua kubwa inakaribia mita 4 so kati ya hizo alama mbili kuna karibu mita 2. beseni la mita 5 kwa chati ni karibu mita 7 kwa modeli. kwa sasa kriki yako ni fupi ya kina kwa mita 2 kila mahali, na ile ya kulowa na kukauka inakausha sehemu ambazo kwa ukweli mashua inapita, na mikono yako ya kule juu pengine inakatika kabisa maji yakipwa ndio rangi inabaki humo wiki mbili

chukua data ya saa kwa saa ya kituo cha Mombasa kutoka University of Hawaii Sea Level Center, ni ya bure na inarudi nyuma miaka mingi, tafuta wastani wake mwenyewe, alafu ulinganishe na alama iliyoandikwa kwa chati na jedwali la maji la bandari. usichukue hiyo mita 2 yangu kama ndiyo, ni ya kukuonyesha ukubwa tu

gridi_na_kahawa

Sawa, nimeelewa. Nageuza kina kwanza, alafu mpaka, alafu seli, kila moja run yake ili nijue ni ipi imebadilisha nini. Makupa nafungua mwisho. MtotoWaMzizima nitakutafuta kuhusu BMU, nataka kushuka bamvua ya Februari na mita ya chumvi.

MtotoWaMzizima_Nai

Nitafute dada. Na beba mita mbili kama zinapatikana, moja ikae mlangoni siku nzima isome bahari, la sivyo hutajua ile 35 yako imetoka wapi.